Kesha la Deni

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya usingizi. Mtu husinzia, hupitiwa na lepe, huchukuliwa na usingizi, hulala fofofo, na akizidi huambiwa amelala usingizi wa pono, yule samaki anayesifika Pwani kwa ulalaji wake. Asiyelala naye hakusahauliwa: hukesha, hujigeuza kitandani, hupata usingizi wa mang'amung'amu, hupambazukiwa macho makavu. Hata hivyo, ipo hali moja ambayo lugha bado haijaipa jina lililoenea. Ni hali ya mtu ambaye kwa miezi au miaka usingizi wake uliletwa na kidonge alichoandikiwa na daktari, kisha kidonge kikaondolewa, na usingizi ukaondoka nacho. Kwa kuwa haina jina, hali hiyo hupachikwa majina ya maradhi mengine: wasiwasi, uzee, mashetani, ulevi, uteja. Kila mojawapo ya majina hayo humpeleka mgonjwa mahali pasipo pake.

Mama mmoja wa vilima vilivyo kati ya Litein na Bomet aliyajua majina hayo yote kabla ya kujua kilichokuwa kikimsumbua. Ni mjane, mkulima mdogo wa chai, mwenye ekari moja na nusu ya miche iliyopandwa na marehemu mumewe. Jina lake halihitajiki hapa. Yaliyompata yanaweza kumpata yeyote ambaye amewahi kukabidhiwa bahasha ya vidonge vya usingizi na kuambiwa ale viwili kila usiku.

Nchi yenyewe haiko upande wa mwenye kutafuta usingizi. Nyanda za chai za Kericho na Bomet ziko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi inayopenya blanketi. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Uingereza yalipoanza kilimo kikubwa cha chai huko, na zaidi baada ya wakulima wadogo kukusanywa chini ya KTDA mnamo 1964, saa za watu zimefuata saa za jani. Chai haingojei asubuhi. Majani yaliyochumwa mchana hunyaushwa, hukatwa, huchachushwa na kukaushwa usiku kucha, na taa za kiwanda huonekana kutoka vilima vya mbali. Msimu wa majani mengi ukifika, lori la kukusanyia majani huweza kufika kituoni giza likiwa limeshaingia, na wachumaji husubiri wakiwa wamejifunika magunia. Kisha kuna mvua ya mawe, ambayo Kericho inajulikana kwayo duniani kote; ikishuka juu ya mabati, hata wafu wangegeuka. Isitoshe, zao lenyewe ni la kukesha. Kikombe kimoja cha chai kina takriban miligramu 40 hadi 50 za kafeini, na nusu ya kafeini hiyo huweza kuwa bado mwilini saa tano baada ya kikombe kukauka.

Mume wa mama huyu alifariki mwaka 2012. Matanga yalipokwisha na wageni kurudi makwao, alibaki na watoto watatu wa shule, mkopo wa mbolea, na upande mtupu wa kitanda. Wiki sita zikapita bila usingizi wa maana. Daktari wa hospitali moja alimwandikia diazepamu, miligramu 10 kila usiku kwa wiki mbili, na haikuwa hukumu ya kulaumiwa, kwa kuwa kwa msiba wa muda mfupi dawa hiyo husaidia. Ilimsaidia. Usiku wa kwanza alilala hadi jogoo wa pili, akaamka akalia kwa furaha ya kuwa amelala. Cheti kilipokwisha, kilirudiwa. Kiliporudiwa mara ya nne au ya tano, hakuna aliyeuliza tena. Vidonge vilitiwa katika bahasha ndogo ya karatasi yenye maneno mawili ya kalamu, idadi na wakati, na bahasha hiyo ikawa sehemu ya matumizi ya nyumba kama sukari na mafuta ya taa. Wiki mbili zikawa miaka sita.

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kueleza kwa ufupi namna kidonge hicho kinavyofanya kazi. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo gaba. Dawa za jamii ya benzodiazepini, ambamo diazepamu imo, hazitengenezi usingizi mpya. Huipa gaba nguvu zaidi ya zile ilizo nazo. Ubongo nao hautulii tu ukipokea. Ukiona utulivu unazidi kila usiku, hupunguza wepesi wa kuipokea gaba, ili mizani irudi. Baada ya wiki au miezi, kidonge kile kile huleta usingizi mdogo kuliko mwanzo, na bila kidonge hakuna usingizi kabisa, maana ubongo umekwisha kujipanga ukitegemea msaada wa nje. Mkulima wa chai anaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mbolea huletwa kwa mkopo, shamba hushamiri, kisha bei yake hukatwa katika malipo ya majani. Mbolea ilikuwa ya kweli na majani yalikuwa ya kweli, lakini deni nalo ni la kweli.

Maarifa hayo si mapya. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliingia madukani mwaka 1960 na diazepamu ikafuata mwaka 1963, zote mbili zikitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach katika kampuni ya Roche. Mnamo 1961 tayari Leo Hollister na wenzake nchini Marekani walikuwa wamechapisha habari za wagonjwa waliotetemeka, waliokosa usingizi na hata kushikwa na degedege baada ya kuondolewa ghafla dozi kubwa za dawa hiyo ya kwanza. Mwaka 1978 Anthony Kales na wenzake walionyesha kwamba mtu akiacha baadhi ya vidonge vya usingizi, ukosefu wa usingizi unaomrudia huwa mbaya kuliko ule uliompeleka kwa daktari. Mwaka 1988 wasimamizi wa usalama wa dawa nchini Uingereza waliwaonya madaktari wasizidishe wiki mbili hadi nne. Maarifa yalikuwepo, basi, miongo kadhaa kabla ya mama huyu kukabidhiwa bahasha yake ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapitisha hadi mlangoni pake.

Mwaka 2018 mambo yalianza kuharibika kwa namna nyingine. Alisahau sufuria motoni mara mbili. Asubuhi moja aliteleza kati ya mistari ya chai akiwa na kapu mgongoni, akaumia nyonga. Dawa za usingizi huongeza hatari ya kuanguka kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa uzito wake hubaki miguuni mchana. Mwanawe wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja kumwona na kuiona ile bahasha, alisema kwa uchungu, "Mama, vidonge hivi vinakumaliza. Viache leo." Naye, kwa kuwa ni mtu asiyependa kuwa mzigo, aliviacha siku hiyo hiyo.

Usiku wa kwanza ulimdanganya. Alilala. Usiku wa pili alilala kidogo, na wa tatu akapata lepe moja au mawili. Diazepamu hukawia kutoka mwilini. Mabaki yake huendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa, hivyo deni lake hudaiwa kwa kuchelewa. Usiku wa tano lilibisha hodi. Moyo ulimwenda mbio akiwa amelala chali. Jasho lilimlowesha shuka katika baridi ile ya milimani. Misuli ya miguu ilishtuka yenyewe. Sauti ya panya darini ilimkata masikio, na mwanga wa koroboi ukamchoma macho. Saa nane za usiku alikaa jikoni akisikiliza redio ya Kikalenjin kwa sauti ya chini kabisa, na bado sauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Usiku wa nane mvua ya mawe ilishuka, naye akajikuta chini ya meza, hajui alifikaje.

Usiku wa tisa alichukua vidonge viwili kutoka bahasha iliyobaki, akalala kama mtoto. Asubuhi alitoa hukumu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeitoa: kwamba ni mgonjwa, kwamba ugonjwa wake ni mkubwa kuliko alivyodhani, na kwamba kidonge ndicho dawa yake. Hapo ndipo penye mtego wote. Mateso ya usiku ule wa tano hadi wa nane hayakuwa yale ya mwaka 2012. Yale yalikuwa ya msiba. Haya yaliletwa na kuacha dawa ghafla, na ndiyo maana dawa iliyatuliza kwa saa moja. Anayetulizwa na kidonge hudhani kimemtibu ugonjwa, kumbe kimemtibu kukosa kidonge. Alikuwa na bahati pia, ijapokuwa hakuijua. Wako ambao kuacha ghafla huwaletea degedege, na degedege huweza kuua.

Majirani walikuwa na majina yao. Mmoja alisema ni marehemu anayemwita. Mwingine alimshauri kikombe cha chang'aa kabla ya kulala, ushauri ambao ungeweza kumwua, kwa sababu pombe na vidonge hivi hukandamiza pumzi kwa pamoja. Mwanawe, aliyewahi kusikia habari za bugizi, jina ambalo Pwani limepewa vidonge vya jamii hii vinavyouzwa mitaani, aliuliza kwa sauti ya chini kama mama amekuwa teja. Neno hilo lilimwumiza kuliko usiku wote ule tisa. Hakuwa amewahi kuzidisha dozi hata siku moja.

Hapa wanafunzi wa lugha wana la kutafakari. Neno uraibu, ambalo hapo zamani lilihusu tambuu, tumbaku na vitu vingine vya kuburudisha kinywa, leo limebeba mzigo wote wa dawa za kulevya. Ndani yake mna tamaa na kupoteza udhibiti: mraibu huitafuta dawa ijapokuwa inamwangamiza. Utegemezi wa mwili ni jambo jingine. Mwili huweza kuitegemea dawa ambayo mwenye mwili haitamani kamwe, kama ilivyokuwa kwa mama huyu aliyetaka kuiacha na mwili wake ukakataa. Methali ya mwiba wa kujidunga hauambiwi pole haimhusu, kwa kuwa huo mwiba aliwekewa na mkono wa tiba, kwa nia njema, kisha akasahauliwa nao.

Mwezi Oktoba 2018, malipo ya bonasi ya chai yalipotoka, alipanda matatu hadi zahanati nyingine kutafuta dawa ya nyonga. Tabibu aliyemkuta alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanawe, naye aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa miaka sita.

"Mama, usiku unalala kwa nguvu zako au kwa dawa?"

Akamweleza yote, hadi lile neno la uteja. Kijana alinyamaza kidogo.

"Pole sana, Mama. Wewe si teja. Mwili wako umezoeshwa."

"Basi nipe dawa nyingine, daktari, ya kuitoa hii."

"Dawa ya kuitoa ni hii hii, Mama. Tutaipunguza polepole mpaka mwili usahau kwamba uliwahi kuihitaji."

Njia hiyo ina historia yake. Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliyefariki mwaka 2019, aliendesha kliniki ya watu wa aina hii kuanzia 1982 hadi 1994, na mwongozo wake wa kuacha dawa hizi, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999, umesomwa duniani kote. Fundisho lake kuu ni upole wa mwendo: dozi ipunguzwe kidogo kidogo, na mgonjwa mwenyewe awe na sauti katika kuamua kasi. Mwongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Tabibu yule alimpangia hesabu ya namna hiyo. Kutoka miligramu 10 angeshuka kwa miligramu moja kila wiki tatu hadi afike tano. Kutoka hapo, nusu miligramu kila wiki mbili. Alimpa vidonge vya miligramu 5 na vya miligramu 2, na kumwonyesha namna ya kuvigawa kwa wembe. Mama alifungua kurasa za nyuma za daftari alimotunza hesabu za kilo za majani, akaanza kuandika hesabu ya pili.

Kupunguza polepole hakukumwondolea kukesha kabisa. Kila hatua ilileta usiku mbaya tatu au nne, kisha mwili ukatulia, kisha hatua nyingine. Tofauti ni kwamba sasa alijua ni nini. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Kogo, yaani nyanya, alimwuliza usiku mmoja mbona amekaa jikoni peke yake. "Ninalipa deni la usingizi," akajibu. Kogo akakaa naye, akaongeza kuni. Alisema kwamba usingizi ni kama ng'ombe aliyenunuliwa mbali: ukimkimbiza anakimbia, ukikaa kimya karibu na boma anaingia mwenyewe.

Alilolisema Kogo kwa lugha ya zizi, wataalamu wamelisema kwa lugha yao. Richard Bootzin, mwaka 1972, alifundisha kwamba kitanda kisigeuzwe uwanja wa mapambano: asiyepata usingizi kwa muda wa kama dakika 20 aondoke kitandani, akae mahali penye utulivu, arudi macho yakishakuwa mazito. Arthur Spielman na wenzake, mwaka 1987, waliongeza kwamba saa za kukaa kitandani zipunguzwe zikaribie saa za usingizi wenyewe, kisha ziongezwe kadiri usingizi unavyoimarika. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani wa Marekani kiliyaweka mafunzo ya aina hii mbele ya vidonge kwa watu wazima wenye kukosa usingizi kwa muda mrefu. Kwa mama wa milimani, kanuni hizo zilikuwa nyepesi kuliko zinavyosikika. Alikatazwa kulala mchana, naye hakuwahi kuwa na mchana wa kulala. Aliambiwa aamke saa ile ile kila siku, hata kama hakulala, na chai ilikwisha kumfundisha hilo: jani lililo tayari halijui kwamba mchumaji alikesha.

Kanuni ngumu ilikuwa ya kikombe. Tabibu alimtaka asinywe chai baada ya saa sita za mchana. Katika nyumba ya mkulima wa chai, kukataa chai ya jioni ni karibu na kukataa salamu. Mgeni hukaribishwa kwayo, ugomvi humalizwa kwayo, habari za msiba hupokewa kwayo. Kwa majuma kadhaa alishika kikombe mkononi bila kukinywa, ili asiwaudhi wageni. Baadaye akaanza kusema wazi kwamba ameagizwa maziwa. Wachache walicheka. Wengine, hasa wanawake wa rika lake, walimfuata nje na kumwuliza kwa kunong'ona ni vidonge vya rangi gani alivyokuwa akitumia, kwa sababu wao pia walikuwa na bahasha.

Mwezi Machi 2019, alipofika miligramu 3, alikwama. Ulikuwa mwezi wa karo, na kila usiku hofu ilirudi na jasho lake. Alitaka kurudi kwenye kumi. Tabibu alimruhusu kusimama pale pale kwa wiki tano bila kushuka wala kupanda, akamwambia kusimama si kushindwa. Mama alilielewa jambo hilo kwa njia yake. Mti wa chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na baada ya kupogolewa hukaa miezi bila jani la kuchuma. Mkulima anayeanza huogopa na kudhani ameua shamba. Mkulima mzoefu hupita kati ya mistari ya vijiti vikavu, haguzi kitu, hungoja. Mwezi wa Mei alianza kushuka tena, na kidonge cha mwisho, robo ya kile cha miligramu 2, alikimeza mwezi Julai 2019.

Hakuamka kesho yake akiwa mtu mpya. Kufikia Desemba alikuwa akilala saa tano au sita katika usiku mwingi, usingizi mwepesi wenye ndoto nyingi, na usiku mmoja mmoja bado ulimponyoka. Alipokosa usingizi alikwenda jikoni, akakaa, akarudi. Hakuanguka tena shambani. Mwanawe, alipokuja kwa sikukuu, aliomba msamaha kwa lile neno; mama akamjibu kwamba hakuwa na neno jingine la kutumia, wala yeye hakuwa nalo.

Jibu hilo linawahusu wanaofundisha na kujifunza Kiswahili. Neno la mama mwenyewe lipo: kesha la deni. Linabeba sababu na linabeba matumaini, kwa kuwa deni lililokopwa kwa ujinga wa pande mbili bado huweza kulipwa na kwisha. Pengine istilahi bora zaidi itapatikana. Lakini neno peke yake halitoshi likibaki katika majarida. Karatasi ya maelezo ya dawa yake iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka sita hakuwahi hata kuiona, kwa maana vidonge vilihesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika bahasha yenye maneno mawili. Bahasha ile ina nafasi ya sentensi tatu. Ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mchumaji chai atakisoma kwa mwanga wa koroboi: Dawa hii ni ya wiki chache. Usiiache ghafla, rudi kwa daktari ikupunguzwe. Usipolala wakati unaipunguza, ni deni, nalo litakwisha.